Pumzi ya ami: kumuuguza nyumbani mgonjwa wa saratani ya ini iliyofika mapafuni

Ami yangu alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu Wete, Pemba, na maradhi yake ya kifua tuliyasikia kabla hatujayaona. Alfajiri moja alivuta pumzi katikati ya "Hayya alas-Salaah", pahala ambapo sijawahi kumsikia akivuta pumzi tangu nina akili zangu. Nilikuwa bado kitandani, nikakaa kitako. Kwamba ana saratani ya ini tulikuwa tumeshaambiwa miezi minne nyuma. Lakini macho yetu sote yalikuwa kwenye tumbo lililojaa na ile manjano ya machoni. Kifua hakuna aliyekitazama.

Mimi ni seremala. Nitakayoyaeleza ni niliyoyafanya kwa mikono yangu, niliyouliza madaktari na wauguzi nikajibiwa, na makosa mawili matatu ambayo sitaki uyarudie. Dozi za dawa utaziona chache humu, kwa makusudi: ini lililochoka halichukui dozi ya ini zima, na daktari wako ndiye anayemjua mgonjwa wako.

Kwanza ujue pumzi inakatwa na nini

Damu yote inayotoka kwenye ini hupanda upande wa kulia wa moyo, na kituo chake cha kwanza baada ya hapo ni mapafu. Ndiyo maana saratani ya ini ikitoka nje ya ini, mara nyingi huanzia huko. Sasa watu wakishaambiwa "imefika mapafuni" hukunja mikono. Mgonjwa akihema, wanasema ndiyo hiyo hiyo. Na sisi tulikunja mikono wiki mbili nzima, mpaka muuguzi mmoja akatuuliza swali lililonitia haya: "Nani kakwambieni kuwa ni saratani inayomkaba?"

Kumbe vile vivimbe vya mapafuni vilikuwa vidogo, havikuwa na nguvu ya kumfanya ahangaike vile. Yaliyokuwa yakimkaba ni maji. Ini bovu hujaza maji tumboni, na tumbo likijaa husukuma juu ule msuli wa kiwambo unaotenganisha tumbo na kifua, pafu likakosa nafasi ya kukunjuka. Tena katika kiwambo hicho huwa na vitundu vidogo mno, maji ya tumboni yakapenya yakakaa kando ya pafu, mara nyingi upande wa kulia. Na saratani yenyewe ikigusa utando wa pafu huweza kuleta maji yake mengine. Haya yote hutolewa, au hupunguzwa kwa dawa. Mtu anaweza kupata nafuu siku ile ile.

Na maji si sababu pekee. Akiwa na homa na makohozi mazito, huenda ni nimonia, na nimonia ina dawa. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi kwa kifua kikuu, hata kama saratani inajulikana. Mtu hakatazwi kuwa na maradhi mawili. Akiwa mweupe viganjani na anachoka kwa hatua tatu, damu imepungua. Pumzi ikikatika ghafla, dakika ile ile, na maumivu ya kuchoma upande mmoja wa kifua au mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, linaweza kuwa donge la damu limekwenda mapafuni. Hilo si la kungoja asubuhi. Mwisho ndiyo vivimbe vyenyewe, vinavyokuja polepole, na kikohozi kikavu, na pengine damu.

Kwa hiyo kabla ya kumpeleka, andika kwenye karatasi: imeanza lini, ghafla au kidogo kidogo, ana homa au hana, tumbo limeongezeka au liko vile vile, anapumua vizuri zaidi akikaa au akilala, anatoa nini akikohoa. Karatasi ile ilitusaidia kuliko maneno yetu, maana mbele ya daktari kila mmoja wetu alikuwa na hadithi yake. Picha ya kifua na ultrasaundi ya tumbo na kifua ndivyo vilivyotupa jibu.

Kuhesabu pumzi kwa Alhamdu

Ukimuuliza mzee wa Kipemba "Vipi pumzi leo?" atakwambia alhamdulillahi. Hata midomo ikiwa ya bluu. Nilihitaji kipimo kisichohitaji kulalamika.

Nikamwomba ami anisomee Suratul Fatiha kila baada ya Alasiri, kwa sauti yake ya kawaida, nami nahesabu mara ngapi anavuta pumzi. Aya saba. Alipokuwa mzima alikuwa akiisoma kwa pumzi mbili. Siku tuliyompeleka spitali ilikuwa pumzi saba, moja kila aya. Baada ya kutolewa maji ikarudi nne. Nikiandika tarehe na hesabu nyuma ya mlango wa chumba chake kwa penseli ya kazi, na ilipopanda kutoka nne kwenda sita kwa siku tatu, hatukungoja wiki ya pili. Asiyeijua Fatiha ahesabu moja hadi thelathini, ni yale yale. La muhimu ni saa ile ile, mkao ule ule, na mtu yule yule anayehesabu.

Kutolewa maji

Ami aliogopa sindano. Akafikiri watamtoboa pafu. Wanavyofanya ni hivi: mgonjwa anakaa kitako ameinamia meza, wanatafuta maji yalipo kwa ultrasaundi, wanatia ganzi, ndipo inaingia sindano yenye mrija mgongoni baina ya mbavu. Kwa kawaida hawatoi zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo, kwa sababu pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka kwa haraka huweza kuvimba maji ndani yake lenyewe. Ami alitolewa lita moja na robo. Mgonjwa akianza kukohoa kwa nguvu au kuhisi kifua kinabana, aseme, asijikaze. Hiyo ndiyo ishara ya kusita. Omba maji yapelekwe kupimwa: kama yana seli za saratani, kama yana uambukizo, kama ni ya kifua kikuu. Kuna watu hutolewa maji mara tatu nne na hakuna aliyejua ni maji gani.

Usiku ule nilikaa naye. Niliambiwa niangalie pumzi kukatika upya, homa, maumivu makali, au bandeji kulowa damu. Hakuna lililotokea, ila alilala fofofo mpaka nikamwekea mkono puani.

Yalirudi baada ya siku tisa. Nakwambia mapema ili usivunjike moyo kama mimi: maji ya ini hurudi. Nikauliza, kwa nini wasimwachie mrija hapo hapo, yawe yanatoka yenyewe? Daktari akanifahamisha kwamba maji yanayotokana na ini ni kama mtumbwi unaovuja. Mrija ukikaa, mgonjwa hupoteza protini na chumvi za mwili kila siku, figo zikaumia, na uchafu ukaingia. Yale yanayoletwa na saratani kwenye utando ni habari nyingine, huko mrija wa kudumu unaweza kufikiriwa. Ndiyo maana ya kupima.

Baina ya sindano na sindano kuna vidonge vya kukojosha, spironolaktoni na furosemaidi. Apewe asubuhi, usimpe usiku ukamfanya ahangaike na choo. Mpime uzito kila siku kabla ya kunywa chai. Akipungua zaidi ya nusu kilo kwa siku na miguu haikuvimba, maji yanatoka kwa kasi mno. Akiwa na miguu iliyovimba, hata kilo moja inavumilika. Akianza kuchanganyikiwa, kizunguzungu au misuli kukakamaa, simamisha ukapige simu.

Egemeo na meza

Hapa niko kwenye fani yangu, nivumilie.

Mito haitoshi. Mito mitatu minne nyuma ya mgonjwa inateleza, naye anateleza nayo, saa nane za usiku unamkuta amejikunja kama kamba, kidevu kifuani, tumbo limebana kiwambo. Mkao mbaya kuliko kulala chali. Kuinua mchago wa kitanda kwa matofali kunasaidia kidogo, lakini naye huteremka kuelekea miguuni.

Nilimtengenezea egemeo kwa mbao za mfenesi. Fremu ya sentimita 60 kwa 75, bawaba mbili chini, na nyuma yake mhimili unaoingia kwenye chanjo tatu, yaani mikato kwenye mbao: karibu na wima, nusu, na wa kulalia. Ile ya nusu, karibu nyuzi 45, ndiyo aliyoipenda usiku. Sikuipigilia ubao. Niliisuka kwa kamba ya nailoni kama kitanda cha kamba, nikatandika kipande cha godoro jembamba juu, kwa sababu ngozi ya mtu aliyekonda huchubuka upesi, na kamba inapitisha hewa mgongoni. Chini ya magoti weka kanga iliyoviringishwa. Bila ya hiyo, egemeo zuri namna gani mgonjwa atateleza.

Meza ndiyo iliyomwokoa zaidi. Ni meza fupi ya kupita juu ya mapaja, kama ile ya mtoto wa chuo cha Kurani. Mgonjwa anakaa, anaweka mto juu yake, analaza mikono na paji la uso. Mikono ikipumzika pahala, misuli ya mabega hupata kazi ya kunyanyua mbavu, na tumbo linaning'inia mbele badala ya kusukuma juu. Urefu wake upime kwa mgonjwa mwenyewe: akae kitandani, akunje kiwiko, pima kutoka godoro hadi kiwiko kisha punguza unene wa mto. Ya ami ilikuwa sentimita 28. Miguu ya meza iwe mipana. Aliiegemea kwa uzito wake wote na ile ya kwanza niliyotengeneza ilipinduka na uji juu yake.

Akilala ubavu, wagonjwa wengi wenye maji upande mmoja hupumua vizuri ubavu wa maji ukiwa chini, pafu zima likawa juu. Lakini mfuate yeye. Tena kuna wagonjwa wa ini, wachache, ambao hupumua vibaya wakikaa na vizuri wakilala. Mishipa ya mapafu yao imetanuka. Ukiona hivyo usimlazimishe egemeo langu, na umwambie daktari, maana hiyo ni habari kwake.

Sijda ilikuwa ikimkaba. Alikataa kuswali kwenye kiti mwezi mzima, akiona haya, mpaka imamu mwenyewe alipokuja akaketi kwenye kiti pembeni yake wakaswali Adhuhuri pamoja.

Upepeo, dirisha na wageni

Usicheke: upepeo wa ukindu ni dawa. Hewa ya baridi ikipiga shavu na pua hutuliza ile hisia ya kukosa pumzi, kwa sababu neva za uso hupeleka habari ubongoni kwamba hewa inaingia. Upepo uende usoni, si kifuani, na asogezewe karibu, shibiri moja hivi. Feni ndogo ya betri ni nzuri pia, na mgonjwa akiishika mwenyewe hofu hupungua. Pamoja na hilo mfundishe kupumua kwa midomo iliyokunjwa: avute kwa pua, atoe polepole kama anapuliza chai ya moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mfundishe akiwa ametulia. Kumfundisha akiwa anahangaika ni kumgombeza tu.

Wageni ndiyo mtihani. Kwetu kumkagua mgonjwa ni wajibu, na ami alikuwa akijulikana na kisiwa kizima. Wanaingia kumi na wawili, wanakaa mbele ya dirisha, mtu anawasha udi ili chumba kinukie, na mke wake hana uso wa kumwambia mtu kitu. Nilihamisha makochi nje barazani, nikapanga wawili wawili. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na jiko la makaa havina nafasi karibu na mapafu haya. Waliochukia walichukia.

Oksijeni na kipimo cha kidole

Kipimo cha kidole, kile cha kupima oksijeni ya damu, kilituletea balaa siku ya kwanza. Binti yake alijijaribia mwenyewe kabla ya baba, kikaonesha 84, nyumba nzima ikapiga kelele. Alikuwa ametoka harusini, kucha zote piko nyeusi. Rangi ya kucha na piko huzuia mwanga wa kipimo. Mkono wa baridi nao hukidanganya. Safisha kidole, kipashe joto, ngoja dakika moja mpaka namba itulie.

Chini ya 90 akiwa amepumzika, zungumza na daktari kuhusu oksijeni. Juu ya hapo, mara nyingi upepeo humsaidia sawasawa na oksijeni, na hili watu hawalipendi kulisikia. Ami alihema na namba ikasema 95. Kuhema na kukosa oksijeni ni mambo mawili.

Tulipata mashine ya kuazima inayochuja oksijeni kutoka hewani. Inataka umeme saa zote, na umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, ukikatika, umekatika. Usiitegemee mashine peke yake bila ya mtungi wa akiba, au angalau uwe umeshapanga na jirani mwenye jenereta. Sigara, mshumaa na jiko vikae mbali. Na usimpake mafuta mazito ya mgando puani wala midomoni oksijeni ikiwa inatiririka. Midomo ikikauka tumia maji, au uombe jeli ya maji.

Mofini

Neno hili lilizua mgogoro kuliko maradhi. Dada yake alisema tunamlevya. Mimi mwenyewe nilidhani ni dawa ya kumalizia mtu.

Mofini ya maji, kwa dozi ndogo ya kunywa, hupunguza hisia ya kukabwa. Haiponyeshi pafu, ila ubongo unaacha kupiga king'ora. Kwa mgonjwa wa ini huanzwa chini sana na huachanishwa saa nyingi zaidi, kwa sababu ini huchelewa kuiondosha. Figo zikiwa mbovu nazo, tahadhari zaidi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, sio kijiko cha chai, na andika saa. Muulize mfamasia chupa hiyo ina nguvu gani, maana zinatofautiana. Akilala kiasi cha kutoamka ukimwita, au akipumua kwa nadra, usimpe inayofuata, piga simu.

Choo kitafunga, hilo huwa. Na choo kikifunga kwa mgonjwa wa ini, sumu hurudi kwenye damu na akili inapotea. Laktulozi, dawa ya kulainisha choo, iende sambamba na mofini tangu siku ya kwanza, lengo likiwa choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Tulichelewa siku nne kwenye hili, na siku ya tano ami aliniita kwa jina la marehemu babu yangu, akaniuliza kama karafuu zimekauka. Alirejea baada ya choo kupatikana. Vidonge vya usingizi vinavyopewa watu wenye wasiwasi, usimpe kwa kuviazima kwa jirani. Vinamtia katika giza lile lile.

Akikohoa damu

Weka tayari, kabla haijatokea, taulo mbili za rangi ya damu ya mzee. Damu kwenye taulo jeupe huonekana bahari. Kwenye taulo hizi huonekana ilivyo. Mlaze kwa ubavu ule wenye maradhi zaidi, ili damu isimiminike kwenye pafu zima. Michirizi kwenye makohozi, mwambie daktari atakapokuja. Kijiko, mpigie siku hiyo hiyo. Ikijaa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha barazani, mtoeni sasa hivi.

Tofautisha pia imetoka wapi. Ya mapafuni huwa nyekundu ya kung'aa na ina povu, inakuja na kikohozi. Ya tumboni huja na kichefuchefu, huweza kuwa nyekundu au nyeusi kama machicha ya kahawa, na huenda imechanganyika na chakula. Hiyo kwa mgonjwa wa ini huenda ni mishipa ya koo la chakula imepasuka, na ni dharura hata ikiwa kidogo. Vaa glavu. Saratani nyingi za ini huanza na homa ya ini ya B au C, na damu ni njia yake mojawapo. Baada ya ami, sote tisa tulipimwa. Waliokuwa salama wakaanza chanjo ya B, sindano tatu ndani ya miezi sita.

Tulivyokaribia kumdhuru

Duka moja la dawa lilituuzia diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya mbavu. Dawa za jamii hiyo, na ibuprofeni na aspirini, huchochea kutoka damu na huua figo za mgonjwa wa ini. Parasetamoli ndiyo salama, lakini isizidi gramu mbili kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Jamaa mmoja, kwa mapenzi, alileta mtu wa kupiga chuku mgongoni, yaani kumchanja na kumtoa damu. Nilimshukuru nikampa kahawa nikamrudisha. Ini bovu halitengenezi vizuri vitu vya kugandisha damu. Jeraha dogo hutoka damu mpaka asubuhi. Na mafuta ya makonyo, tunayojivunia sisi Wapemba: kumpaka kidogo mgongoni akapenda harufu, sioni ubaya, ilimradi hakuna oksijeni karibu. Kunywa, hapana. Mafuta ya karafuu yakinywewa huweza kuliumiza hata ini zima. Miti ya kuchemsha nayo hivyo hivyo, mwambie daktari kwanza. Kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, sikulizuia, maji yalikuwa kidogo na moyo wake ulitulia.

Chakula nitapita haraka. Chumvi ndiyo inayovuta maji, kwa hiyo ng'onda na papa mkavu vilihama nyumba. Samaki mbichi, mayai, maharage ale; usimnyime protini. Kidogo kidogo mara sita, maana tumbo lililojaa maji halina nafasi, na kula kwenyewe kunakata pumzi. Kitu kidogo kabla ya kulala. Ramadhani ilimkuta mgonjwa, akataka kufunga. Mashekhe walimkataza, ikatolewa fidia.

Boti

Kipimo cha CT tulikifuata Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, na mafaili yakapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kama maji yamejaa, atolewe kabla ya safari, sio baada. Tulisafiri wakati wa kusi, na bahari baina ya Pemba na Unguja wakati wa kusi huchafuka. Mweke kwenye kiti cha kati ambako boti inayumba kidogo, na ile meza ya mapajani niliichukua. Watu walidhani ninauza. Ndege usipande bila ya daktari kukubali, khasa kama kifua kimetobolewa karibuni.

Huko tulielezwa kuhusu dawa zinazopiga saratani yenyewe: vidonge kama sorafenibu, na dripu za kuamsha kinga ya mwili ambazo kwa baadhi ya watu hupunguza hata vivimbe vya mapafuni. Lakini zinahitaji ini ambalo bado lina nguvu. La ami halikuwa nayo tena. Uliza swali hili mapema, wiki ile ile mnayoambiwa ni saratani. Sisi tuliuliza kwa kuchelewa.

Siku za mwisho

Muuguzi alituambia tuondoe kipimo cha kidole, na kwa kweli tulikuwa tukikitazama kile badala ya kumtazama yeye. Pumzi ilikuwa ikisita, inakaa, inarudi. Kooni kukawa na sauti ya maji, inayowatisha walio chumbani kuliko mgonjwa mwenyewe. Ulaze mwili ubavu, usimwingize mrija wa kunyonya mate kwa nguvu, kuna dawa ya kupunguza. Usimlazimishe maji ya kunywa, yataingia mapafuni. Lowesha pamba, mpanguse midomo. Mofini iliendelea, kwa sababu kutomeza hakumaanishi kutokabwa. Muulize muuguzi njia nyingine ya kuipitisha kabla siku hiyo haijafika.

Hesabu ya mwisho nyuma ya mlango ni pumzi kumi na moja. Baada ya hapo nilimsomea mimi.

Egemeo liko nyumba ya tatu sasa, upande wa Gando, na meza iko kwa mzee mwenye maradhi ya moyo kule Kojani. Mwenye mgonjwa Pemba hii akihitaji, aulize kwa seremala wa karibu yake kwa vipimo nilivyovitaja. Ni kazi ya siku mbili, mbao za mfenesi au zozote zisizo na vibanzi. Bawaba atie mafuta kabla, maana usiku zinalia.